Bomba la Gesi Likipita Kwetu: Usitie Sahihi Kabla ya Kujua Haki Yako



Kila baada ya muda habari ya bomba la gesi kutoka Tanzania inarudi midomoni mwa watu. Jioni inatajwa kwenye taarifa ya habari, asubuhi ishafika maskani na kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Vanga hadi Likoni. Mmoja anasema litapita kwao, mwengine anasema ni siasa tu. Na katikati ya maneno hayo hujitokeza dalali, anauliza kwa upole kama shamba la mzee linauzwa.

Tuanze na yale yanayojulikana. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia sahihi hati ya maelewano kuhusu kusafirisha gesi asilia kwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Oktoba 2022, Rais William Ruto alipokwenda Dar es Salaam, marais hao wawili walisema wanataka mradi uharakishwe, na baadaye bomba lifike hadi Nairobi. Gesi yenyewe si hadithi. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Kilichobaki ni kipande cha kutoka huko kuja huku.

Sasa chukua ramani uitazame. Bomba likipita nchi kavu kutoka Tanga kuja Mombasa, njia fupi ni kupitia Kwale. Yaani Lunga Lunga, Msambweni, Matuga, kisha Likoni. Hiyo ni ardhi ya minazi, mikorosho na miembe. Ni ardhi ambayo watu wengi wanaoilima wana hatimiliki ya marehemu babu, na wengine hawana hatimiliki kabisa.

Hati ya maelewano kati ya serikali mbili haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuingia shambani kwako. Lakini hoja yangu leo ni hii: mwenye ardhi ana nguvu zaidi mradi ukiwa bado pendekezo kuliko siku tingatinga limeshafika mpakani. Siku hiyo haki zako bado zitakuwa kwenye Katiba, ila muda wa kuzitumia utakuwa umeisha. Kwa hivyo tusingoje bomba lifike ndipo tuanze kuulizana.

KUNA KUCHUKULIWA ARDHI, NA KUNA KUPITISHIWA BOMBA

Haya ni mambo mawili tofauti na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni serikali kutwaa ardhi kwa lazima. Hapo ardhi inatoka mikononi mwako kabisa na hatimiliki inabadilika. Kwa mradi wa gesi, hii kwa kawaida huhusu sehemu zenye vituo, kama vile mahali pa kusukumia gesi au penye vali kubwa.

La pili ni njia ya kupitishia bomba. Hapo ardhi inabaki kwa jina lako, lakini ukanda fulani ndani ya shamba unawekewa masharti. Bomba linafukiwa, udongo unarudishwa, na ukitazama juu huoni kitu. Mtu anaweza kukuambia, "Mzee, hatuchukui shamba lako, tunapita tu." Ni kweli hawachukui shamba. Lakini juu ya ukanda huo hutajenga nyumba, hutachimba kisima, hutapanda mnazi wala mwembe, kwa sababu mizizi yake inaenda chini. Utaruhusiwa mahindi, mihogo, kunde na majani ya mbuzi. Na masharti hayo hayaishi ukifa. Watoto wako watayarithi pamoja na shamba, na ukitaka kuuza, mnunuzi atayakuta.

Kwa hivyo ukiletewa karatasi, swali la kwanza ni: hii ni ya kutwaa ardhi au ya kupitisha bomba? La pili: upana wa ukanda ni mita ngapi, na wakati wa ujenzi mtahitaji mita ngapi zaidi? La tatu: masharti ni ya miaka mingapi? Ikiwa anayekuletea hawezi kujibu maswali hayo matatu, karatasi hiyo hana haki ya kuitakia sahihi yako wala dole gumba lako.

HATUA AMBAZO SERIKALI HAIWEZI KURUKA

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali haiwezi kukunyang'anya mali isipokuwa kwa manufaa ya umma, na ikilazimika, lazima ilipe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Sheria ya Ardhi ya 2012 ndiyo inayoeleza hatua zenyewe.

Kampuni haina uwezo wa kukulazimisha uondoke. Lazima serikali iombe kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ile tunayoiita NLC. Tume ikikubali, inatangaza kwenye Gazeti Rasmi la serikali, na nakala inapelekwa kwa kila mtu anayeonekana kuwa na maslahi kwenye ardhi hiyo. Halafu si chini ya siku 30 zipite ndipo kifanyike kikao cha kusikiliza nani anadai nini. Tarehe ya kikao hicho nayo itangazwe angalau siku 15 kabla. Madai yako unayapeleka kwa maandishi, mwisho siku ya kikao.

Ona hapo penye hatari. Gazeti Rasmi halisomwi maskani. Linatoka kwa Kiingereza, na shamba lako humo limeandikwa kwa nambari, si kwa jina la kijiji. Mtu anaweza kupitwa na kikao chake huku anauza madafu kando ya barabara, kwa kuwa hakujua kwamba ile nambari ni yeye.

Kwa njia ya kupitisha bomba pia kuna notisi. Anayeitaka anaomba kwa Tume, na notisi lazima iwafikie wanaokaa kwenye ardhi hiyo na serikali ya kaunti. Ukiwa na pingamizi unaiandika. Pingamizi si lazima iwe "sitaki". Inaweza kuwa "lisogezeni mita 50, hapa pana kisima cha kijiji". Bomba hupinda. Hukwepa milima na mito, kwa hivyo linaweza kukwepa makaburi yetu pia.

Ikiwa kiasi cha fidia hakikuridhishi, unaruhusiwa kukikataa. Pesa huwekwa kwenye akaunti maalumu na wewe unakwenda mbele ya Jopo la Utwaaji Ardhi, lililowekwa na marekebisho ya 2019, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hivyo mtu akikutisha kwamba ukikataa leo utakosa kila kitu, jua kwamba sheria haisemi hivyo.

Na ardhi ikishatwaliwa halafu mradi ukafa, sheria inatoa nafasi ya mwenyewe wa zamani kupewa kipaumbele kuirudisha, mradi arejeshe fidia aliyolipwa. Wangapi kati yetu wanalijua hilo?

MNAZI SI MTI TU

Hapa ndipo watu wa Pwani hupunjwa sana, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Mnazi wa kienyeji huchukua miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa. Ukishaanza, unaweza kukuzalia miaka 50 na zaidi. Unakupa nazi, madafu, makuti ya kuezekea, kumbi za kuwasha moto na njukuti za ufagio. Kuna wazazi hapa waliosomesha watoto hadi chuo kwa minazi 40. Sasa mthamini akija akaandika "mti mmoja, shilingi kadhaa", amehesabu mti wa leo. Hajahesabu miaka 7 utakayongoja mche mwengine ukue, na hajahesabu kwamba kwenye ukanda ule hutapanda tena.

Sheria ya Ardhi, kifungu cha 148, inasema fidia ya njia ya kupitishia bomba ni ya kutumia ardhi yako, na juu yake fidia ya hasara ya miti, mazao na majengo. Na kwa ardhi inayotwaliwa kabisa, kanuni za fidia za 2017 zinataka mambo mengi yaangaliwe: bei ya soko, hasara ya shamba kukatwa vipande viwili, hasara inayoiangukia sehemu iliyobaki, na gharama za kuhama. Juu ya bei ya soko inaongezwa asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu.

Kwa hivyo muulize mthamini: bei hii ya mnazi imetoka wapi, na ni ya mwaka gani? Umehesabu mikorosho michanga? Umehesabu kisima? Ukanda huu ukipita katikati, kile kipande cha juu nitakifikia kwa njia gani? Umwambie akuachie nakala ya fomu aliyojaza. Usitie sahihi fomu yenye nafasi tupu. Nafasi tupu leo ni idadi ya minazi ya kesho, na si wewe utakayeiandika.

Kuna funzo liko karibu yetu. Bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limepita kwenye mashamba ya maelfu ya watu. Wengi mali zao zilihesabiwa mwaka 2018 na 2019. Waliwekewa tarehe ya mwisho, kwamba baada ya hapo nyumba mpya au mimea ya kudumu haitahesabiwa. Kisha wengi wakakaa miaka 3 au 4 bila kulipwa. Fikiria mkulima miaka yote hiyo: hapandi mkorosho kwa sababu hautahesabiwa, hatengenezi paa kwa sababu anaambiwa anaondoka, na haondoki kwa sababu hana pesa. Bei ya ardhi huko anakotaka kuhamia nayo inapanda.

Kwa Kenya, marekebisho ya 2019 yamesema malipo ya "haraka" maana yake ni ndani ya muda wa kadiri, na kwa vyovyote yasizidi mwaka mmoja tangu ardhi kuchukuliwa. Mwaka mmoja ni mwingi kwa mtu anayeishi kwa shamba. Kwa hivyo kijiji kikikaa na wenye mradi, jambo la kwanza kuandikwa liwe hili: tarehe ya mwisho ikitangazwa, malipo ni lini, na yakichelewa mali zihesabiwe upya.

NA YULE ASIYE NA HATIMILIKI?

Hili ndilo linaloniuma, maana kwetu ndio wengi.

Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa Pwani. Aliyejua kuandika madai na kwenda mbele ya maafisa alipata karatasi. Aliyekuwa analima shamba la ukoo wake bila habari ya karatasi, ardhi yake ikawa ya serikali au ikaandikwa jina la mtu mwengine. Wajukuu wao ndio leo wanaitwa maskwota kwenye vijiji walimozikwa mababu zao.

Basi mradi ukija, skwota huambiwa, "Wewe huna hatimiliki, hutulipi wewe, tunamlipa mwenye ardhi." Na mwenye ardhi huyo pengine yuko ng'ambo na hajawahi kuiona.

Katiba haikubaliani na jibu hilo moja kwa moja. Kifungu cha 40(4) kinasema fidia inaweza kutolewa kwa wanaokaa kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hawana hatimiliki. Na kifungu kile cha 148 kwa njia ya bomba kinamtaja mtu aliye kwenye ardhi kihalali au anayeikalia kwa kweli. Nyumba umejenga wewe. Minazi umepanda wewe. Hata ikiwa kuna ubishi juu ya udongo, kilicho juu ya udongo kina mwenyewe.

Lakini lazima uthibitishe. Ushahidi wako ni nini? Barua ya chifu. Kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la kijiji. Risiti ya maji au ya stima. Cheti cha shule. Makaburi ya wazee. Picha ya nyumba yenye tarehe. Majirani wanaojua umeingia lini. Kusanya sasa, weka nakala mbili, moja isikae ndani ya nyumba ya makuti.

Kwa wenzetu ambao ardhi yao ni ya jamii, kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu tu. Pesa za fidia kaunti inazihifadhi, na mkishasajili ardhi lazima iziachilie kwenu. Na mwekezaji akitaka makubaliano na jamii iliyosajiliwa, lazima yapitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano wa jamii. Watu watano waliopelekwa hotelini Diani wakanyweshwa chai hawawezi kusaini kwa niaba ya kijiji.

HATIMILIKI YA MAREHEMU

Kuna mwenye hatimiliki lakini ni ya babu aliyefariki, na mirathi haijawahi kugawanywa. Wakati wa amani hakuna anayeuliza. Siku fidia inapotajwa, ukoo unapasuka. Anatokea amu kutoka mjini na karatasi, anatokea binamu na wakili, na mjane aliyekaa kwenye lile shamba miaka 30 anaambiwa asubiri nje.

Katika mradi mmoja nilioufuatilia, si wa gesi, pesa za shamba la ukoo zilienda kwa akaunti ya ndugu mmoja wa kiume kwa sababu ndiye aliyekuwa na simu na kitambulisho karibu siku maafisa walipokuja. Dada zake wanne walipata habari baada ya miezi miwili. Hadi leo hawasalimiani.

Haya yana dawa na haihitaji bomba lije. Waislamu tuna Mahakama ya Kadhi, imetajwa kwenye kifungu cha 170 cha Katiba, na mirathi ni kazi yake pale wahusika wote wakikubali kwenda kwake. Mgao wa mjane, wa binti na wa mama umeshawekwa. Si hisani ya kaka mkubwa. Nendeni mkafanye mirathi sasa, kabla hakuna pesa ya kupigania. Ni rahisi kugawana shamba kuliko kugawana hundi.

Na ikiwa kijijini kuna msikiti, madrasa au makaburi kwenye ardhi ya wakfu, mtawalli ahakikishe hati zipo na mipaka inajulikana. Misikiti mingi midogo ya Kwale haimo kwenye ramani yoyote anayotembea nayo mpimaji. Vivyo hivyo makaya ya ndugu zetu Wamijikenda, ambayo baadhi UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mpimaji asiyejua kuna kaburi atapiga bikoni juu ya kaburi.

WEWE AMBAYE BOMBA HALIGUSI SHAMBA LAKO

Kuna mtu anasoma hapa anasema, "Mimi liko nusu kilomita, hainihusu." Inakuhusu.

Gesi asilia husafirishwa kwa shinikizo kubwa. Haina harufu kwa asili yake, na mara nyingi harufu ile tunayoijua huongezwa baadaye, inapokaribia mtumiaji. Bomba likijengwa vizuri na likitunzwa, ni salama kuliko malori barabarani. Lakini jirani ana haki ya kujua limejengwa vipi na nani atalitunza.

Nchi hii imeshaona yanayotokea watu wanapowekwa karibu na hatari bila kuambiwa. Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba katika mtaa wa Sinai, Nairobi, yakashika moto na watu zaidi ya 100 wakafa. Februari 2024 kule Embakasi gesi ya mitungi ililipuka usiku kwenye kituo kilichokuwa kati ya nyumba za watu. Mamlaka ya EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kituo hicho, na NEMA ikakiri kwamba leseni yake ilitolewa kinyume cha utaratibu. Hizo si gesi asilia wala si mradi huu. Nazitaja kwa sababu katika zote mbili jirani ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua.

Kwa sheria ya mazingira ya 1999, mradi wa bomba kama hili lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na umma upewe nafasi ya kutoa maoni kabla ya NEMA kutoa leseni. Huhitaji hatimiliki kutoa maoni. Mpangaji anaweza, mvuvi anaweza, mwalimu wa shule iliyo karibu anaweza. Uliza: bomba litakuwa umbali gani na shule? Vali ya kufunga iko wapi? Likivuja saa nane usiku, nani anapigiwa simu, na anatoka wapi, Mombasa au Nairobi? Na leseni ikitolewa bila nyinyi kusikizwa, Jopo la Kitaifa la Mazingira linapokea rufaa ndani ya siku 60.

Si nadharia. Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wavuvi wa Lamu zilivunjwa na mradi wa bandari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Watu wa Lamu hawakuwa na pesa nyingi kutushinda. Walikuwa wamejipanga.

"NYINYI MNAPINGA MAENDELEO"

Neno hili litakuja, tena litatoka kwa viongozi wetu wenyewe.

Jibu langu ni kwamba sipingi gesi. Mama zetu wanapika kwa makaa na kuni, macho mekundu kwa moshi. Viwanda vya Mombasa vinalia na bei ya umeme. Gesi ya jirani inaweza kusaidia. Lakini uliza kama yule mama wa Lunga Lunga ambaye bomba litapita chini ya mihogo yake atapikia gesi hiyo, au itapita kwake kama magari ya watalii yanavyompita.

Mtwara waliuliza swali hilo hilo. Januari na Mei 2013 watu waliandamana kupinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Kulikuwa na vurugu, mali ikachomwa na maisha yakapotea. Bomba lilijengwa. Mimi silitaki hilo kwetu, upande wowote. Njia ya kuliepuka ni watu kusikizwa mapema na kulipwa kwa haki. Mwenye shamba aliyeridhika ndiye mlinzi wa bomba. Ataona udongo umechimbwa, ataona majani yamekauka bila sababu, atapiga simu. Aliyedhulumiwa atageuza uso.

TUFANYE NINI KUANZIA WIKI HII

Kwanza, nenda ofisi ya ardhi Kwale au Mombasa ukafanye sachi ya shamba lako. Jua nambari yake, jina lililoandikwa, na kama lina deni au zuio.

Pili, tembea mipaka na majirani. Mawe ya mpaka yaliyopotea yatafutwe sasa, huku bado mnasalimiana.

Tatu, chukua simu upige picha kila mti, nyumba, kisima na kaburi. Andika orodha, watu wawili waishuhudie.

Nne, undeni kamati ya kijiji, na wanawake na vijana wawemo si kwa kujaza viti. Mwenye daftari awe anayeandika kila mgeni aliyekuja, alisema nini, tarehe gani. Mtu yeyote wa mradi azungumze na kamati, asiingie nyumba moja moja.

Tano, andikeni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza ofisi ya umma: njia ya bomba imependekezwa wapi, na ramani iko wapi? Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Sita, kabla ya kusaini chochote, kisomwe kwa lugha unayoielewa na wakili wako, si wao. Kituo cha Sheria na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria huwasaidia wasio na uwezo. Mkiwa kijiji kizima, hata wakili wa kulipa mnaweza kumchangia.

Saba, usimuuzie dalali kwa hofu. Anayekuja mbio kununua ardhi ambayo wewe unaambiwa haina thamani, anajua kitu. Mwambie arudi baada ya mwezi, halafu uende ukaulize.

Huenda bomba hili likaja mwaka ujao, huenda likachukua miaka 10, huenda lisije. Haidhuru. Shamba lenye mirathi iliyogawanywa, mipaka inayojulikana na kamati iliyo macho litakufaa hata likija jengine: barabara, reli, bandari au mgodi.

Msomee mzee ambaye hana simu. Mtumie yule binamu aliye Jeddah au Muscat ambaye jina lake limo kwenye hatimiliki. Na ikiwa kijijini kwenu tayari kuna watu wanaotembea na ramani, tuandikie hapa tujue ni wapi, tuje tukae pamoja.

Wabillahi tawfiq.